Kichekesho cha Ofisini: Dhihaka juu ya Ubaguzi Kazini katika Arusha na Nchi ya Meru

Katika michezo ya kuigiza ya Kiswahili iko aina moja ichezwayo mara nyingi na kuchunguzwa mara chache. Jukwaa lake ni chumba kimoja. Ndani mna meza, viti viwili, mafaili na muhuri. Nje ya mlango pana benchi la wanaongoja. Watu wake ni mkuu wa ofisi, karani, tarishi, mlinzi, na mwananchi aliyekuja na shida yake. Kisa chake hakibadiliki sana: mtu hunyimwa haki yake kwa sababu ya kabila lake, au nguo zake, au umri wake, au namna anavyotamka maneno, na yule aliyemnyima mwishowe huumbuka mbele ya watu. Hicho ndicho kichekesho cha ofisini.

Aghalabu mchezo huo huhesabiwa kuwa jambo jepesi la kupitishia jioni. Lakini mstadi wa lugha akiusikiliza kwa makini ataona kuwa una kazi nzito, kwani ubaguzi unaodhihakiwa humo haukai moyoni mwa mtu peke yake. Hukaa pia katika maneno anayoyatumia kuwataja wenzake, hata katika viambishi vidogo ambavyo msemaji mwenyewe havitii maanani. Makala haya yaeleza jinsi sarufi ya Kiswahili inavyoweza kubeba dharau ya ofisini, na jinsi mtungaji awezavyo kuitumia sarufi hiyo hiyo kuifichua dharau. Yaeleza pia hatari iliyomo, maana kicheko kisipoelekezwa vema humwangukia yule yule aliyekwisha kudharauliwa. Mifano imetwaliwa hasa Arusha na kandokando ya mlima Meru. Mji huo umepitiwa na ofisi za kila namna kwa muda wa zaidi ya miaka 120, na pande zote za mlima wakazi wake hutumia lugha zenye asili mbalimbali: Wameru husema lugha ya Kibantu iliyo jirani na Kichaga, na Waarusha husema Kimaa, lugha ya Wamasai.

Ofisi na majina ya watu wake

Ofisi ya kwanza ya serikali ya kigeni katika Arusha ilikuwa Boma. Mwaka 1896 wamishenari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, upande wa Meru. Wajerumani walileta jeshi kuwaadhibu Wameru na Waarusha, na kufikia mwaka 1900 Boma lilikuwa limekwisha simama, likiwa limejengwa kwa kazi ya shuruti ya watu wale wale walioshindwa vitani. Jengo hilo lipo hata leo nalo ni makumbusho. Asili hiyo yafaa kukumbukwa: katika mji huu ofisi ilianza kuwa ngome kabla haijawa mahali pa kuhudumia watu, na mwananchi aliyefika mlangoni pake alifika kama mtu aliyeshindwa.

Pamoja na ofisi yalikuja majina ya watu wake: bwana, karani, tarishi, boi. Asili zake ni mbalimbali. Bwana ni neno la siku nyingi Pwani. Karani na tarishi yalikwisha kuzoewa katika bandari na misafara kabla ya kupanda bara. Boi lilitoka kwa Waingereza, na katika lugha yao maana yake ni mtoto wa kiume. Jina hilo la mtoto alipewa mtu mzima mwenye wajukuu, madhali alikuwa mtumishi. Hata hivyo sarufi ya Kiswahili iliyapokea majina hayo yote bila kuyapendelea. Wingi wake ni mabwana, makarani, matarishi, maboi. Yule aliyeketi mezani na yule aliyefuta meza walitiwa katika wingi wa namna moja. Aliyewatenganisha hakuwa lugha.

Ubaguzi wa ofisi za wakati ule ulikuwa na hesabu yake iliyoandikwa. Tume ya Holmes, iliyochunguza mishahara ya watumishi wa serikali za Afrika Mashariki katika miaka ya 1947 na 1948, iliikubali kanuni ya kwamba mtumishi asiye Mzungu alipwe sehemu 3 kwa 5 za mshahara wa Mzungu, hata elimu na kazi zikiwa sawa. Kanuni hiyo iliachwa baada ya taarifa ya Tume ya Lidbury ya mwaka 1954. Mtungaji wa vichekesho hana haja ya kutia chumvi katika jambo kama hilo. Yamtosha kumweka karani mmoja mbele ya hesabu hiyo, akajiuliza ni sehemu gani za mwili wake zinazofanya kazi kwa mshahara, na ni zipi zinazofanya kazi bure.

Katika nchi ya Meru ubaguzi wa karatasi uligeuka kuwa ubaguzi wa ardhi. Mwaka 1951 serikali iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili mahali pao pakae walowezi wa Kizungu wenye mashamba ya mifugo. Mpango huo ulitengenezwa ofisini, ukasifiwa ofisini kuwa ni wa maendeleo. Wameru hawakujibu kwa silaha bali kwa vyombo vya ofisi: mchango, barua, sahihi na mwanasheria. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika Umoja wa Mataifa, New York, kuleta madai yao. Ardhi haikurudishwa mara ile, lakini dunia nzima ilisikia; na mradi wa walowezi baadaye haukufanikiwa. Kisa hiki si kichekesho. Lakini chaonyesha jambo ambalo kila kichekesho cha ofisini hutegemea, yaani kwamba mtu anayengoja bencheni aweza kujifunza lugha ya meza, na akaisema vizuri kuliko mwenye meza.

Baada ya uhuru majina yalibadilika. Katika miaka ya kwanza lilisikika sana neno naizesheni. Asili yake ni neno refu la Kiingereza lenye maana ya kuwapa Waafrika kazi zilizokuwa za wageni. Lakini katika vinywa vya watu mwanzo wa neno ulidondoka, na huo mwanzo ndio uliokuwa Afrika. Kilichobaki ni mkia tu. Kutoka mkia huo likapatikana jina la mtu, naizi, wingi wake manaizi, yaani wale walioketi katika viti vya wakoloni na kuketi kama wakoloni. Mkabala wa naizi alikuwa kabwela, mtu wa chini asiye na cheo. Hakuna tume iliyoyatunga maneno hayo wala kuyasanifu, bali yalizaliwa na dhihaka ya watu. Januari 1964 Rais Nyerere alitangaza kwamba katika kuajiri watumishi wa serikali raia wote wahesabiwe sawa bila kutazama rangi. Na Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU, ikikutana Arusha, ilipitisha Azimio lililopewa jina la mji huo, ambalo lilianza kwa imani ya usawa wa binadamu na kuwawekea viongozi miiko.

Tangu hapo ndugu lilishika mahali pa bwana katika ofisi nyingi. Lakini cheo hakikuondoka, kikaja kuambatana na udugu: Ndugu Meneja, Ndugu Mkurugenzi. Maneno hayo mawili yaliyofungwa pamoja yana ugomvi ndani yake, kwani la kwanza lasema tu sawa, na la pili lasema hatuko sawa. Mtungaji mwenye sikio zuri hufaidi ugomvi huo. Mchezaji akilitamka neno la kwanza upesi na la pili polepole, watazamaji hucheka kabla kisa hakijaanza.

Ngeli na heshima

Mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa mapema kwamba majina ya viumbe wenye uhai hufuata upatanisho wa ngeli ya M-WA, hata yakiwa na umbo la ngeli nyingine. Husemwa: kiongozi anasema, kijana amefika, kipofu ameketi, kinyozi ananyoa, karani anaandika. Kanuni hiyo ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Umbo la jina laweza kuwa la kitu, lakini uhai wa mwenye jina hulishinda umbo lake.

Lakini msemaji aweza kuivunja kanuni hiyo kwa makusudi. Akisema, kizee kile kinataka nini, au, jitu lile linapiga kelele, huwa hakukosea sarufi. Amemtoa mtu katika ngeli ya watu na kumtia katika ngeli ya vitu. Yafaa kuangalia kwamba dharau haimo katika kiambishi cha jina peke yake. Neno kiongozi lina KI mbele yake na ni jina la heshima. Na mama asemapo, kitoto changu kimelala, huwa anambembeleza mtoto. Dharau imo katika upatanisho pamoja na hali ya wasemaji: nani anamtaja nani, mbele ya nani, na kama anayetajwa ana nafasi ya kujibu. Mtoto anayebembelezwa atakua. Mzee anayeitwa kinataka, mbele ya watu, naye anasikia na hawezi kujibu kwa kuwa barua yake iko mezani kwa msemaji, amepunguzwa.

Si Kiswahili peke yake chenye njia hiyo. Katika Kimaa majina hugawanywa baina ya jinsia ya kiume na ya kike, na mgawanyo huo huwahusu watu na vitu sawasawa. Kubadili kiambishi cha mbele huweza kubadili ukubwa wa kitu. Olalem ni upanga au sime. Enkalem ni kisu. Kwa hiyo Mwarusha au Mmasai ajifunzaye Kiswahili huja na ujuzi wa kwamba kiambishi hukuza na kupunguza. Asichokuwa nacho kutoka lugha yake ni mpaka wenyewe wa ngeli ya M-WA, unaowatenga watu na vitu. Mpaka huo hana budi kujifunza kwa kuwasikiliza wengine, na ni jambo la maana sana anamsikiliza nani.

Makosa ya mlinzi

Katika vichekesho vya Tanzania mlinzi wa Kimasai ni mtu ajulikanaye sana. Huja na fimbo na shuka, husimama mlangoni, na kazi yake kubwa katika mchezo ni kukosea Kiswahili. Watazamaji hucheka, mchezo huendelea, na mwishowe mlinzi hubaki pale pale alipokuwa. Kicheko hicho ni chepesi kukipata, lakini hakimfundishi mtu kitu, kwa kuwa chathibitisha tu yale ambayo mkuu wa ofisi alikuwa akiyaamini tangu mwanzo, yaani kwamba asiyejua kutamka hajui kufikiri.

Kosa lile lile la sarufi laweza kutumiwa kwa njia nyingine. Mfano ufuatao ni wa kubuni, nao umetungwa ili kulieleza jambo.

Katika ofisi moja ya mjini Arusha mnaajiriwa mlinzi kijana kutoka miteremko ya Meru, ambaye lugha yake ni Kimaa. Anataka kujifunza Kiswahili fasaha, na kwa kuwa mkuu wa ofisi ndiye mwenye elimu, anamfanya kuwa mwalimu wake bila ya kumwambia. Asubuhi ya kwanza anasikia:

MKUU: Kizee kile kinangoja nini hapo nje?
KARANI: Anangoja barua yake, Ndugu Mkuu. Amekuja mara ya nne.
MKUU: Kiambieni kije kesho.

Siku ya pili anamsikia mkuu akiuliza kwa nini kijana kile kimevaa kandambili, na siku ya tatu akilalamika kwamba kipofu kile kimeziba njia. Mlinzi anaandika yote katika daftari. Majibu ya karani yanamtatiza, kwa maana karani husema anangoja na amekuja. Lakini karani ni mtu mdogo, na hapana shaka sarufi yake ni ndogo vilevile. Mlinzi anakata shauri kufuata sarufi ya mkubwa. Siku ya tano anakuja mgeni mheshimiwa kutoka wizarani. Watumishi wamejipanga mstari, mkuu amevaa tai mpya. Mlinzi anafungua mlango, anasimama wima, na kutangaza kwa sauti kuu:

MLINZI: Kiongozi kimefika!

Hapa ndipo mchezo wote ulipokuwa ukielekea. Mkuu anakasirika na kutaka kumsahihisha mlinzi. Mlinzi anafungua daftari lake na kusoma kanuni pamoja na mifano, kila mfano kwa tarehe yake. Mkuu hawezi kusema kwamba kiongozi hufuata ngeli ya watu bila ya kuulizwa kwa nini mzee, kijana na kipofu hawakuifuata. Kosa la mlinzi ni lile lile ambalo watazamaji wamezoea kulicheka, lakini safari hii kosa lina baba yake, na baba yake ameketi mezani. Dhihaka imepanda ngazi kutoka mlangoni hadi kwenye kiti kikubwa. Ni vema pia kuangalia kwamba aliyekuwa sahihi tangu mwanzo ni karani, ambaye kila mara alimjibu mkuu kwa A mahali pa KI bila ya kubishana naye. Katika ofisi za kweli upinzani wa watu wadogo mara nyingi huwa hauzidi hapo; ni irabu moja tu iliyowekwa mahali pake.

Nguo mlangoni

Ubaguzi mwingine wa ofisini hausubiri maneno, hutazama nguo. Mkoa wa Arusha una historia yake katika jambo hili. Mwishoni mwa mwaka 1967, kabla Azimio halijatimiza mwaka mmoja, viongozi wa mkoa walianzisha kampeni ya kuwashurutisha Wamasai waache lubega na kuvaa suruali na nguo nyingine zilizohesabiwa kuwa za kisasa. Kampeni hiyo iliendelea mwaka 1968. Waliokuwa wakiitetea walisema kwamba nia yao ni kuondoa ubaguzi kwa kuwaingiza Wamasai katika taifa. Lakini njia waliyoifuata ilikuwa ni kuwabagua mpaka wafanane na wengine.

Leo shuka la Kimasai limetundikwa katika maduka ya Arusha, limechapwa katika matangazo ya safari za watalii, na mji hujivunia picha yake. Mtungaji wa kichekesho akitaka kulionyesha jambo hili hahitaji hotuba. Ataweka ukutani mwa ofisi picha kubwa ya Mmasai aliyevaa shuka, na mlangoni Mmasai mwenyewe, amevaa shuka, akizuiwa kuingia kwa sababu ya mavazi yake. Mkuu ataweza kuisifu picha mbele ya wageni huku akimfukuza mwenye sura iliyomo pichani. Mgongano wa vitu hivyo viwili wajieleza wenyewe.

Mchezo wa kuwapima watu kwa nguo umepata umbo lake mashuhuri kule Urusi. Nikolai Gogol, katika tamthilia yake iliyochezwa mara ya kwanza mwaka 1836, aliwaonyesha maofisa wa mji mdogo waliosikia kuwa mkaguzi anakuja kwa siri, wakamdhania kijana mtupu, mvivu na mwenye madeni, kuwa ndiye mkaguzi. Christon Mwakasaka aliitia tamthilia hiyo katika Kiswahili kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Si vigumu kuona kwa nini iliwafaa wasomaji wa Tanzania. Gogol hamcheki mtu wa nje ya ofisi. Awacheka wenye ofisi, ambao heshima yao yote huenda kwa koti na si kwa mtu aliyelivaa. Kinyume chake ni kisa cha Hawala ya Fedha, mchezo ulioandikwa na Amandina Lihamba kutokana na kisa cha Ousmane Sembène wa Senegali. Kwa Sembène mtu asiyejua kusoma hupelekewa hawala kutoka Ufaransa, akashindwa kuipokea kwa kuwa hana kitambulisho; kitambulisho chahitaji cheti cha kuzaliwa, na kila dirisha humpeleka dirisha jingine. Gogol aonyesha asiye na haki akifunguliwa milango yote, na Sembène aonyesha mwenye haki akifungiwa. Visa vyote viwili vyapima ugonjwa mmoja.

Utani na ubaguzi

Yaweza kupingwa kwamba watu wa Tanzania wamezoea kutaniana kwa makabila, na kwamba mwenye kuona ubaguzi katika kila mzaha ameharibu desturi njema. Pingamizi hilo lina haki ya kujibiwa. Utani ni desturi yenye sheria zake. Wangoni na Wahehe ni watani; kadhalika Wanyamwezi na Wazaramo, na asili ya utani wa aina hiyo hutajwa kuwa ni vita vya zamani vilivyokwisha au safari za misafara. Mtani humtukana mtani wake, huchukua kitu chake, humfanyia mzaha hata msibani. Na anayetaniwa hana ruhusa ya kukasirika.

Lakini sheria kubwa ya utani ni kwamba kila neno laweza kurudishwa. Aliyetaniwa leo atatania kesho, na maneno yake yatakuwa makali vilevile. Watani husimama katika ardhi iliyo sawa. Ofisini ardhi haiko sawa. Mkuu akimfanyia tarishi mzaha kwa kabila lake, tarishi hana budi kucheka, na kicheko chake hakionyeshi furaha, bali chaonyesha kuwa anaihitaji kazi yake. Mzaha usioweza kurudishwa si utani, hata ukitumia maneno yale yale ya utani. Hiki ndicho kipimo chepesi kuliko vyote kwa mtungaji na kwa mchunguzi: na ageuze pande mbili za mazungumzo, mdogo aseme maneno ya mkubwa, kisha atazame kama mkubwa bado anacheka.

Namna nyingine ya kugeuza yaonekana katika tafsiri. Tamthilia ya Shakespeare ya mfanyabiashara wa Venisi ni kichekesho kinachobeba chuki dhidi ya Wayahudi, na wachezaji wa nchi nyingi wametaabika nayo kwa sababu hiyo. Mwalimu Nyerere aliichapisha kwa Kiswahili mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Shakespeare alimtaja mfanyabiashara mmoja katika jina la mchezo wake. Nyerere aliandika Mabepari wa Venisi. Jina la mtu mmoja limekuwa la wengi, na la kazi limekuwa la tabaka. Msomaji wa Kiswahili, kabla hajaufunua ukurasa wa kwanza, amekwisha elekezwa kutazama fedha na wote wanaoitumikia, si dini wala kabila la mmoja wao. Maneno ya ndani hayakuondolewa ukali wake. Lakini jina limekigeuzia kicheko mahali pengine.

Kicheko mbele ya mahakama

Kama mtu angali akiona kwamba haya ni mambo madogo ya sarufi na mizaha, mji wa Arusha wenyewe unao ushahidi. Jengo lililojengwa kwa ajili ya ofisi za Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao yake Arusha tangu 1967 hadi ilipovunjika mwaka 1977, lilikuwa baadaye kituo cha kimataifa cha mikutano. Na humo ndimo ilimofanya kazi Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Ruanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994 na kufungwa mwisho wa mwaka 2015.

Miongoni mwa waliohukumiwa humo walikuwamo watu watatu wa vyombo vya habari: Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waliohusika na kituo cha redio cha RTLM, na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Hukumu ilitolewa tarehe 3 Desemba 2003. Rufani ya Novemba 2007 ilifuta baadhi ya hatia na kupunguza adhabu, lakini haikuwaachia huru. Redio ile haikuanza kwa amri za kuua. Ilipendwa kwanza kwa muziki wake na kwa mizaha ya watangazaji wake, na gazeti lilijaa vibonzo vya kuchekesha. Watusi waliitwa inyenzi, yaani mende. Neno hilo lilikuwa limetumiwa juu ya wapiganaji wa wakimbizi katika miaka ya 1960, kisha likaenezwa kwa watu wote wa kabila hilo, wake kwa waume, wakubwa kwa wadogo.

Mstadi wa lugha za Kibantu hana budi kuliangalia neno hilo kwa umbo lake. Katika Kinyaruanda mtu ni umuntu, na watu ni abantu, sawa na ngeli ya M-WA ya Kiswahili. Inyenzi ni ya ngeli nyingine, wanamokaa wadudu na wanyama wengi. Watu waliondolewa katika ngeli ya watu kwa njia ya mzaha, wasikilizaji wakacheka, na waliokuwa wamekwisha cheka walikuwa wamekwisha kubali nusu ya jambo. Mamia ya maelfu waliuawa mwaka 1994. Haisemwi kwamba sarufi iliwaua. Waliowaua ni watu wenye silaha na mipango. Lakini mahakama iliyokaa chini ya mlima Meru ilisikiliza miaka kadhaa ya ushahidi juu ya maneno, na ikaona kwamba maneno yalikuwa na sehemu yake katika tendo.

Kati ya mkuu asemaye kizee kile kinangoja nini na mtangazaji aliyewaita watu wadudu, umbali ni mkubwa sana, wala haifai kuwahesabu kuwa sawa. Mmoja achelewesha barua. Mwingine aliongoza wauaji. Lakini njia waliyoishika ni moja, na kichekesho kizuri cha ofisini kina faida hii, kwamba humkamata msafiri wa njia hiyo akiwa bado karibu na mlango, wakati ambapo bado yawezekana kumcheka.

Yanayompasa mtungaji

Kutokana na yaliyoelezwa, mambo matatu yaweza kuwekwa mbele ya watungaji na walimu. Kwanza, maneno ya dharau yasifichwe. Mchezo unaomtia mkuu mbaguzi maneno matamu kinywani haumdhihaki bali humsitiri. Na aseme kama asemavyo, kwa ngeli anayoitumia, hata masikio ya watazamaji yachoke. Pili, kosa la lugha la mtu mdogo lisiwe mwisho wa kicheko. Likiwa lazima liwemo, na lifuatwe mpaka chanzo chake kijulikane. Tatu, mtu aliyedharauliwa apewe angalau sentensi moja isiyojibika, nayo iwe fupi.

Kwa wachunguzi wa Kiswahili iko kazi nyingine. Kamusi huonyesha kwamba kizee ni jina, na vitabu vya sarufi huonyesha upatanisho wake ulio sanifu. Lakini ni vichache vinavyoeleza ni wakati gani wasemaji huuacha upatanisho huo kwa makusudi, wakisema na nani na juu ya nani. Elimu hiyo haipatikani maktabani. Imo katika mabenchi ya ofisi, katika masijala na penye madirisha ya malipo, na katika michezo ya jioni ambayo watu walioketi mchana kutwa bencheni huenda kuitazama, ili wamsikie mkuu akitajwa, walau mara moja, kwa sarufi yake mwenyewe.